Juu ya Lori: Fundi wa Magari na Hatari ya Kuanguka Kampala

Mjomba wangu alianguka kutoka juu ya lori mwaka 2014. Lori lilikuwa limeegeshwa katika uwanja wa gereji moja hapa Kampala, naye alikuwa amepanda kuziba paa la bodi lililokuwa likivuja. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembea kwa mkongojo. Kila nikimuuliza ilikuwaje, hunijibu, "Niliteleza, mpwa wangu," kana kwamba kosa lilikuwa la mguu wake. Katika insha hii nauliza jambo jingine: kwa nini pale juu hapakuwa na kitu cha kushika?

Nianze na baba yake. Babu alikuwa fundi wa reli na aliishi katika nyumba za wafanyakazi pale Nsambya. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na kuanzia 1948 ikawa chini ya Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwake: spana, bwela, nati, karakana. Nilimhoji kabla hajafariki, na jambo alilolirudia zaidi ni kwamba injini ya mvuke ilikuwa na mahali pa kukanyaga. Pembeni mwa bwela palikuwa na njia nyembamba, na juu yake chuma cha kushikia. Kwa kazi ya juu zaidi, injini iliingizwa bandani na jukwaa la mbao likasukumwa ubavuni mwake. Sisemi kwamba reli ilikuwa pepo. Vyeo viligawanywa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na Babu aliwajua watu waliopoteza vidole. Lakini mtu aliyepanda alikuwa na pa kusimama.

Sheria nayo ilizaliwa ndani ya banda. Sheria za viwanda za makoloni ya Afrika Mashariki zilichota kutoka Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya 1937. Sheria hiyo ilisema kwamba mtu akifanya kazi mahali anapoweza kuanguka zaidi ya futi 10, na mahali penyewe hapana pa kukanyaga wala kushika kwa usalama, basi kadiri inavyowezekana awekewe uzio au kinga nyingine. Mwaka 1959 Uingereza ilishusha kipimo hicho hadi futi 6 na inchi 6, yaani karibu mita 2. Nilipoisoma zaidi nilikuta jambo lililonishtua. Karakana za kutengeneza injini na magari ya uchukuzi zilihesabiwa kuwa viwanda, ila si mabanda ya kulaza magari ambamo kazi ilikuwa kuosha, kusafisha na matengenezo madogo tu. Sasa fikiria ni kazi gani hasa zinazompandisha mtu juu ya gari. Ni kuosha, kuziba tundu, kukaza boliti, kutazama kifuniko cha tangi. Kazi ndogo ndogo ndizo ziliachwa mlangoni.

Kisha kazi yenyewe ikatoka bandani. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na gereji na maduka ya vipuri waliyoyamiliki yakapewa watu wengine au yakafungwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Uganda ikabaki na kipande chake cha reli na shirika lake changa. Mizigo ikazidi kuhamia kwenye malori. Mafundi wakajifunza kazi pembeni mwa barabara, Katwe na Kisekka, kila mmoja akimfundisha mwenzake, na bila wao nchi isingetembea. Hapa naona wanahistoria wetu huwasifu kwa ubunifu wao na kuishia hapo. Ujuzi ulihama, spana zikahama, hata maneno ya Babu yakahama. Jukwaa halikuhama, kwa sababu ni kitu kizito, halitengenezi gari lolote, na hakuna mteja anayelilipia.

Wenzangu darasani waliniambia dawa ni mkanda wa usalama, ule unaopita mabegani na mapajani. Nami niliamini hivyo mpaka nilipopiga hesabu. Lori lililo uwanjani halina kitu juu yake isipokuwa mbingu, kwa hiyo kamba itafungwa kwenye lori lenyewe, chini ya miguu ya fundi. Kamba ina mita 2. Kile kipande kinachopunguza mshtuko hufunguka mita 1 hivi. Mwili unaning'inia mita 1 na nusu chini ya ndoano. Jumla mita 4 na nusu, ilhali paa la lori kubwa liko mita 4 kutoka ardhini. Fundi atafika chini kabla kamba haijamshika. Chini ya banda lenye nguzo imara, ndoano ikiwa juu ya kichwa chake, mkanda huo huo unamwokoa. Kwa hiyo tunarudi kwenye banda na jukwaa la Babu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 ndiyo iliyoiondoa ile ya zamani ya viwanda. Maana yake ya mahali pa kazi ni pana sana: inataja mashamba, misitu, kebini za malori, viti vya matrekta, na mahali popote mfanyakazi anapokuwapo kwa ajili ya kazi yake. Kwa hiyo paa la lori limo, ingawa halikutajwa kwa jina. Hata Marekani, mwaka 2016 walipoandika upya kanuni zao za kuzuia kuanguka, waliamua kutoweka humo kanuni maalumu za mabehewa na magari. Sisi angalau maneno tunayo.

Lakini maneno hayo yanamtafuta mwajiri, na gereji ya Mjomba haikuwa na mwajiri anayeonekana. Mwenye uwanja alikodisha nafasi, mwenye lori alilipa kwa kazi, fundi mkuu aligawa fedha jioni. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 ilipima fidia ya kifo au ulemavu kamili kwa mapato ya miezi 60. Mjomba hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha mapato ya mwezi mmoja. Dereva alimpeleka hospitali, wenzake wakachanga, mambo yakaisha.

Siku hizi anakaa Katwe, anachomelea vyuma akiwa ameketi. Mwaka jana nilimchorea lile jukwaa la Babu kama nilivyolielewa. Akanisahihisha: ngazi iwe upande mmoja tu, chuma cha kushikia kifike kiunoni, na magurudumu yawe na breki, maana uwanja una mteremko. Alilitengeneza kwa mabomba ya zamani. Ameuza mawili, yote kwa watu wanaoosha mabasi. Gereji alikoangukia bado wanapandia tairi.