Mifereji ya Mtutu: Bunduki na Mamlaka Kivu, 1890–1916

Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, ulitiwa saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na marufuku ya kuingiza silaha za moto katika nchi zote za Afrika zilizo kati ya digrii 20 kaskazini ya ikweta na digrii 22 kusini yake, Kivu ikiwamo. Lakini mlango uliachwa wazi: serikali ziliweza kuruhusu kuuzwa kwa gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Wanaosimulia historia yetu hupita hapo haraka, nami naona ndipo pa kutua. Walioandika mkataba walijua vizuri walichokuwa wakijibakizia.

Mwenye gumegume, yaani gobori la kushindiliwa mdomoni, aliishindilia mwenyewe. Alipima baruti kwa mkono, akatia kizibo, kisha goroli ya risasi au kipande cha chuma. Hata awe fundi wa kupima namna gani, goroli ililegea ndani ya mtutu, ikagonga huku na huku, na ikatoka na mwelekeo wa mgongano wake wa mwisho. Kwa mnyama wa karibu ilitosha. Kwa adui aliye mbali, ilikuwa bahati.

Mtutu wenye mifereji huikamata risasi na kuizungusha, nayo hutoka ikisimama kwa mzunguko wake kama pia. Bila mzunguko, risasi ndefu husukumwa na hewa puani, ikapinduka. Na kadiri inavyorefuka kwa unene uleule, ndivyo inavyohitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi, yaani mifereji ijisokote upesi zaidi. Mwaka 1879 Mwingereza George Greenhill alitoa kanuni fupi: zidisha unene wa risasi kwa wenyewe, kisha kwa 150, ugawe kwa urefu wake. Risasi yenye unene wa milimita 8 na urefu wa milimita 32 hutaka mzunguko mmoja kila milimita 300 za mtutu.

Ukiwa na kanuni hiyo, bunduki za pande mbili za Mto Ruzizi, uliowatenganisha Wajerumani na Wabelgiji, zinasomeka. Askari wengi wa Wajerumani walibeba Mauser ya 1871: risasi nene ya milimita 11, fupi, ya madini laini, na mzunguko mmoja kwa milimita 550. Mauser ya Ubelgiji ya 1889, ambayo kiwanda cha FN cha Herstal kilianzishwa ili kuiunda, ilikuwa ya milimita 7.65 na mzunguko mmoja kwa milimita 250. Risasi yake ilikuwa nyembamba na ndefu, ikavikwa ganda gumu la metali, maana madini laini yangechunika kwenye mifereji kwa kasi ile. Ikitoka kwa mita 600 kwa sekunde, huzunguka mara 2,400 katika sekunde hiyo.

Askari weusi wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, hata hivyo, kwa miaka mingi walishika Albini ya milimita 11, yenye mifereji lakini ya kizamani. Ilitosha kuleta msiba. Mwaka 1896 huko Shangi, ng'ambo ya Ziwa Kivu, jeshi la mwami, yaani mfalme, wa Rwanda lilishindwa na askari wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mikuki haikufika pale risasi zilipofika.

Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza, Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi ziwani humo. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur yalivuka kuelekea mashariki, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Katika vita hivyo Mauser za 1871 zilimponza mwenye nazo: baruti yake nyeusi ilitoa moshi ulioonyesha alipojificha.

Anayehifadhi silaha ya kale asiishie kunakili chapa na mwaka. Baada ya kuhakikisha haina risasi ndani, apitishe mtutuni ufito uliofungwa kitambaa cha kubana, ulio huru kuzunguka, autie alama na apime ni milimita ngapi unaingia hadi alama imalize mzunguko mmoja. Kipimo hicho, pamoja na upana wa mtutu, kitamwambia kwa makadirio risasi ya urefu gani ilikusudiwa, hata chapa ikiwa imefutika. Na ufito usipozunguka kabisa, basi mtutu hauna mifereji, na huenda ameshika moja ya zile gumegume zilizoruhusiwa kuuzwa.