Video fupi kila siku: Je, wingi huongeza watazamaji?

VIJANA wengi wa mijini, Sumbawanga ikiwamo, wameingia katika kazi ya kuweka video fupi mtandaoni kwa matumaini ya kupata wafuasi na hatimaye kipato. Ushauri wanaopeana ni mmoja: weka video nyingi kila siku. Kwa kijana anayenunua kifurushi cha intaneti kwa fedha ya chakula, usahihi wa ushauri huo si jambo dogo.

Jibu ni kwamba wingi husaidia kwa kiasi, lakini si unaoamua.

Juni 2020, kampuni ya TikTok ilieleza namna mitambo yake inavyochagua video za kumwonyesha mtazamaji. Kinachopimwa zaidi ni anachofanya mtazamaji huyo, hasa kama ameitazama video hadi mwisho. Kwa mujibu wa maelezo hayo, idadi ya wafuasi na mafanikio ya video zilizotangulia si vigezo vya moja kwa moja.

Kwa maana hiyo, kila video hujitetea yenyewe. Anayeweka nyingi hupata nafasi nyingi za kujaribu na kujifunza. Hata hivyo, video kumi zinazoachwa katika sekunde za mwanzo hazimjengei mtu hadhira.

Mfano wa hapa nchini ni kijana wa Kimaasai kutoka Mkoa wa Pwani, Kili Paul, aliyepata umaarufu mwaka 2021 kwa kuigiza kuimba nyimbo za filamu za Kihindi, akishirikiana na dada yake, Neema. Februari 2022, Ubalozi wa India nchini ulimtunuku, na mwezi huo huo Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja ndugu hao katika hotuba yake ya redio. Video zake zilikuwa nyingi, lakini zilikuwa pia na sura moja inayotambulika: vazi la Kimaasai, mandhari ya kijijini na nyimbo zinazopendwa na mamilioni ya watu.

Aidha, tarakimu zinaweza kupotosha. Tangu Machi 31, 2025, YouTube huhesabu video fupi kuwa imetazamwa mara tu inapoanza kucheza. Wakati huo huo, anayetegemea video hizo ili kupata mgawo wa matangazo hutakiwa kuwa na wafuasi 1,000 na kutazamwa mara milioni 10 katika siku 90.

Uwanda wa Ufipa haukosi cha kuonyesha: Maporomoko ya Kalambo, yenye urefu wa zaidi ya meta 200 mpakani na Zambia, matanuru marefu ya udongo ambayo Wafipa waliyatumia kuyeyushia chuma, mashamba ya ulezi na uvuvi wa Ziwa Tanganyika.

Anayeanza achague jambo moja analolifahamu, ajiwekee ratiba anayoweza kuimudu, na kila wiki aangalie ni sehemu gani ya video watazamaji wanaondokea. Hapo ndipo pa kurekebisha kabla ya kuongeza idadi.