Siwa ya Mwana Darini, na swali la asili yetu

Leo tunawapeleka Lamu, kwenye Jumba la Makumbusho lililo pale ufukweni. Ni nyumba ya zamani ya kuta nene, na maofisa wa Kiingereza waliwahi kukaa humo. Mji wenyewe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Ukienda, nenda pia Ngome, iliyokamilika 1821 kisha ikawa jela kuanzia 1910 hadi 1984, halafu uingie kwenye nyumba ya mawe ya karne ya 18 iliyo ndani ya mitaa. Kisiwa ni kidogo, vyote unavifikia kwa miguu.

Lakini kitu chenyewe ni siwa. Sisi tuliokulia huku Saudia wengi wetu neno hili tumelisikia harusini tu, midomoni mwa bibi zetu. Siwa ni baragumu kubwa, la kupulizwa kwa tundu la ubavuni. Zilizo maarufu ni mbili: ya shaba ya Lamu na ya pembe za ndovu ya Pate, ambayo urefu wake unapita mita mbili. Siwa haikuwa ngoma ya kila mtu. Ilipulizwa kwenye sherehe za watawala na waungwana, yaani wale wenye nasaba na nyumba za mawe. Mtumwa hakupuliziwa siwa. Mgeni aliyeshuka na jahazi jana, naye hakupuliziwa.

Sasa sikiliza kisa kilichomo kwenye Habari za Pate. Palikuwa na bibi mmoja wa ukoo wa kifalme, Mwana Darini, aliyetaka kumtahiri mwanawe kwa heshima zote. Aliomba siwa kwa sultani, akanyimwa. Je, alinyamaza? Hata! Aliita fundi hodari wa kuchonga, akamtaka amtengenezee siwa yake mwenyewe kwa pembe za ndovu. Kazi ikafanywa kwa siri mpaka ikaisha. Siku ya sherehe siwa ikalia, na watu wakatuza. Wanahistoria wanabishana kipi hapo ni tukio na kipi ni hadithi, lakini maana iko wazi: aliyeshika siwa ndiye aliyeamua nani ni mtu wa mji.

Mwana Darini lakini alikuwa na uwezo. Pembe za ndovu si kitu cha kuokota. Wasiokuwa nacho walifanyaje?

Hapo tuseme ukweli kuhusu makumbusho yoyote. Vinavyobaki ni vitu vya wenye mali: milango ya nakshi, vidaka vya chokaa, sahani za Uchina. Nyumba ya udongo na makuti haikai miaka mia mbili. Waliochimba mawe ya matumbawe, waliobeba boriti za mikoko na waliolima mashamba ya bara, wengi wao walikuwa watumwa, na alama zao kwenye makabati ya vioo ni chache. Ukisifu ukuta, uliza nani aliujenga.

Lamu yenyewe ililijibu swali hili kwa namna yake. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alianza kuwasomesha watoto wa watumwa na wa wageni, wale waliodharauliwa na waungwana. Wakubwa wa mji hawakufurahi. Yeye akaendelea, na msikiti wake, Riyadha, ndio kitovu cha Maulidi ya Lamu hadi leo. Jina hilo na jina la Riyadh tunapoishi yana shina moja la Kiarabu: bustani.

Kwa nini tunawaambia haya mliopo Al-Sulay na Jeddah? Kwa sababu huku tunaulizwa kila siku, "Asili yako wapi?" Na wazee wetu hujibu haraka, kwa jina la kabila au la mji, kisha hubadilisha mazungumzo. Utumwa ulikomeshwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, na hapa Saudia mwaka 1962. Huo wa pili si zamani, ni umri wa babu. Wengi wetu hatujui mababu zetu walisimama upande gani wa mlango ule wa nakshi, na huenda wengine walisimama pande zote mbili.

Kwa hiyo kabla ya likizo ijayo, kaa na bibi. Usianze na nasaba, maana hapo mdomo hufungwa. Anza na kitu: kinu, kanga ya zamani, sanduku lililokuja na meli. Muulize kilitengenezwa na nani, na nani alikibeba. Rekodi kwa simu, kwa ruhusa yake. Akisema "hayo mwanangu yaache", yaache siku hiyo. Kesho mpelekee chai, muulize tena.