Korogwe kwenye ramani za kale

Kabla ya reli, watu wa Korogwe walikaa majini. Vijiji vya Waruvu vilijengwa kwenye visiwa vya Mto Pangani, ili maji yawe boma dhidi ya wavamizi. Mwaka 1890 Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alizunguka Usambara na bonde la mto huu akichora ramani.

Ramani za wakati ule zilichorwa kwa miguu. Mpimaji alisoma dira, akatazama saa kujua mwendo wa msafara, akaandika kila kijito alichovuka na kila kijiji alikolala. Kazi za wapimaji wengi zilikusanywa Berlin na Paul Sprigade na Max Moisel, wakatoa ramani ya koloni zima la Wajerumani kwa kipimo cha 1:300,000, yaani sentimita moja kwa kilomita tatu. Kandokando ya njia karatasi imesheheni majina. Ukitoka kidogo pembeni, ni peupe. Pale peupe watu walikuwa wakilima kama kawaida. Msafara haukupita kwao, basi.

Vijiji vingi viliandikwa kwa jina la jumbe. Jumbe akifa, au watu wakihama kutafuta ardhi isiyochoka, jina lilibaki kwenye karatasi peke yake.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge ukaenea bondeni.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walichora upya kwa picha za ndege, kipimo 1:50,000. Ramani hizi nazipenda kuliko zote. Kontua zinabanana kwenye miteremko ya Usambara, zinaachana bondeni. Nyumba ni vinukta vyeusi, na vijia vya shambani vinaonekana.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, na vinukta vingi vikawa mahame. Leo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mipaka ya kila kijiji ijulikane. Anayeleta ramani ya Mjerumani kwenye mgogoro wa mpaka aulizwe kwanza: msafara ulipita wapi? Peupe si ushahidi kwamba hapakuwa na mtu, na wazee wanaoyajua mahame hayo wasikilizwe sawasawa na karatasi.