Neno "Nice" na Maana Zake
Waingereza hulitumia neno "nice" kila siku: chakula, mgeni, hata hali ya hewa, vyote husifiwa kwa neno hilo. Lakini asili yake haikuwa sifa. Latokana na neno la Kilatini "nescius", yaani asiyejua; likapitia Kifaransa, na katika karne ya 14 lilimaanisha mpumbavu. Baadaye likamaanisha mteuzi, kisha kitu chenye usahihi. Katika karne ya 18 ndipo likaenea kwa maana ya kupendeza. Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817, mhusika mmoja alikejeli neno hilo kutumiwa ovyo. Kejeli haikulizuia. Nasi tuundao istilahi, tusitosheke na kuchunguza asili. Hatuna budi kuwasikiliza wasemaji, kwani wao ndio waamuzi.