Kadhi, Sultani na Ndoa za Tooting

Sadiq Khan, Mwislamu, aliiwakilisha Tooting, mtaa wa London, bungeni kuanzia 2005 hadi 2016. Ili akikalie kiti chake, ilimbidi aape utii kwa Malkia Elizabeth, ambaye pia alikuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Maaskofu 26 wa kanisa hilo hadi leo wana viti katika Baraza la Malodi. Anayedhani dini hukaa serikalini Tehran peke yake ana mengi ya kutazama hapa hapa London.

Sisi wa pwani jambo hili tunalijua. Kwa Waibadhi wa Oman, kiongozi halali ni imamu aliyechaguliwa na maulamaa; ndivyo alivyosimikwa Azzan bin Qais mwaka 1868. Mabusaidi waliotoka Oman na kuitawala Unguja hawakuwa maimamu. Walikuwa masayyid, watu wa karafuu na pembe, na raia wao wengi walikuwa Washafii. Wakaweka makadhi wa madhehebu mawili, kila mtu ahukumiwe kwa madhehebu yake. Uungwana, naam, lakini wenye hesabu zake: sheikh alihukumu, ila Sayyid ndiye aliyempa kazi, na akichukizwa aliweza kumfunga. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa akiwavuta Waibadhi kwenye Usunni, alitiwa gerezani na Sultani Sayyid Barghash. Akatoka Barghash alipofariki 1888.

Waingereza walipoitia Zanzibar chini ya himaya yao mwaka 1890, hawakumfuta kadhi. Walimbana hatua kwa hatua, mpaka akabaki na ndoa, talaka na mirathi. Mapinduzi ya 1964 yalimng'oa Sultani, kadhi akasalia. Kenya nayo, ilipopewa ukanda wa pwani wa Sultani, iliahidi Oktoba 1963 kuzilinda mahakama za kadhi, na Katiba ya 2010 inazitaja katika kifungu cha 170.

Tooting hata kadhi wa namna hiyo hayupo. Sheikh ataozesha mbele ya walii na mashahidi, mahari yatatajwa, biriani italiwa, na bado kwa sheria ya England hakuna ndoa mpaka taratibu za kiserikali zifuatwe. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ililishikilia hilo kuhusu nikaha iliyofungwa mkahawani Southall mwaka 1998, ingawa wawili hao walikwisha kuzaa watoto wanne. Baraza la sharia laweza kumtoa mwanamke kwenye ndoa. Kumpa haki ya nyumba haliwezi. Dada yangu, posa ikija, uliza kwanza ni lini mtakwenda kwa msajili.