Jasho la bati

Jasho la bati ni maji yanayotanda upande wa ndani wa paa au ukuta wa chuma, mvuke uliomo hewani unapogusa bati lililopoa. Huonekana zaidi katika maghala, mabanda ya kuku, karakana, makanisa na makontena. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kuvuja: fundi huitwa, hupanda na kopo la lami, huziba kila msumari, na alfajiri ya pili matone yako palepale.

Chanzo

Hewa ikipoa, uwezo wake wa kubeba mvuke hupungua. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi hubeba hadi gramu 30 hivi. Kwa nyuzi 20 hubeba 17, na kwa nyuzi 10 hubaki gramu 9 na ushei. Kinachozidi hugeuka maji. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha umande juu ya kitu chenye nyuzi 21 tu.

Usiku usio na mawingu bati hutupa joto lake angani hata likawa baridi kuliko hewa iliyolizunguka. Kwa kuwa ni jembamba na ni chuma, upande wa ndani hupoa sawa na wa nje. Ndiyo maana nyanda za juu kama Limuru, Njombe na Makete huijua sana adha hii. Makuti hayana tabia hiyo.

Mvuke wenyewe hutoka chini ya paa: pumzi za watu na mifugo, mapishi, zege ambalo halijakauka, sakafu iliyomwagwa bila karatasi ya nailoni. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua huzaa takriban lita nzima ya maji, jambo ambalo wenye kupasha vifaranga joto kwa jiko hulisahau.

Madhara

Kutu, papi kuoza, dari kuota madoa. Mabati mapya yaliyorundikwa yakiwa na maji katikati hufanya kutu nyeupe hata kabla ya kuezekwa.

Kwenye nafaka hasara ni nzito zaidi. Matone yakiangukia magunia, tabaka la juu hushika kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Chanzo kikuu kilikuwa mahindi kuhifadhiwa yangali na unyevu, si paa. Wasafirishaji wa kahawa nao huzungumzia “mvua ya kontena”: magunia 300 ya kilo 60, yenye unyevu wa asilimia 12, huondoka Mombasa na zaidi ya tani 2 za maji ndani ya punje, kisha huingia bahari za baridi. Kontena hutandikwa karatasi nene ndani kabla ya kupakia.

Kinga

Dawa ya kwanza, na ya bei nafuu, ni kuutoa mvuke nje. Matundu huachwa chini ya ukingo wa paa na mengine kwenye kofia, ili hewa ya moto ipande na kutoka yenyewe. Matundu ya upande mmoja tu hayasaidii sana. Mahindi huingizwa ghalani yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, hupangwa juu ya chaga na kuachwa mbali na ukuta.

Dawa ya pili ni kuitenga hewa na bati kwa sufi ya kioo au povu gumu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu sufi hupitisha mvuke; bila utando wa kuzuia mvuke, maji hujificha ndani yake na kuozesha kimyakimya. Utando hukaa upande wenye joto. Katika jengo la nyanda za baridi upande huo ni wa ndani. Katika chumba baridi cha samaki Dar es Salaam ni wa nje, na ramani iliyonakiliwa kutoka Ulaya huuweka kinyume. Viungo vyake hubandikwa kwa gundi, kwani mwanya mdogo hupitisha mvuke mwingi.

Yako pia mabati yenye kitambaa upande wa chini, kinachonyonya umande usiku na kukauka mchana.

Historia

Bati la mikunjo lilipewa hataza Uingereza mwaka 1829 kwa jina la Henry Robinson Palmer. Upakaji zinki ulifuata Ufaransa mwaka 1837.

Hali ya sasa

Mabati yenye alumini asilimia 55, yaliyoingia sokoni Marekani mwaka 1972, yameenea Afrika Mashariki. Hukawiza kutu, jasho hutoka vilevile.